Mlezi wa Neno Sarufi

Jumatatu, 4 Agosti

Mjomba amelazwa. Mapafu. Daktari alisema siku chache, pengine wiki, kisha akaangalia viatu vyake. Nikalia kwenye korido, karibu na mtungi wa maji ya kunywa. Mtu asije akasema sikulia. Mjomba alinilea tangu mama alipofariki, akanisomesha, akanitafutia kazi katika Chumba cha Kamusi. Yeye ni mhariri mkuu. Mimi ni mhariri wa kawaida, na kwa muda mrefu kupita haki.

Nilipomaliza kulia nikaanza kufikiria kiti chake. Sioni ubaya. Mkurugenzi yuko safarini, anarudi Jumatatu ijayo, na ofisi nzima inajua kwamba siku hiyo hiyo atateua mrithi. Wenye sifa tuko wawili: mimi na Bi. Nukta. Tumempa jina hilo kwa sababu hajawahi kuacha sentensi bila kuiwekea nukta, hata akiandika kijikaratasi cha kuomba kalamu. Ni mwanamke mkimya. Watu wakimya siwaamini.

Naeleza utaratibu wetu hapa, maana huenda shajara hii ikasomwa siku moja na watu wasioujua. Kila neno katika kamusi yetu lina mlezi. Mlezi huliandikia kadi: maana, mifano, asili. Kadi ikiwa tayari husomwa mezani kwa sauti. Mlezi haisomi mwenyewe, kwa sababu mtu hasikii makosa yake mpaka yatoke kinywani mwa mwingine. Humkabidhi msomaji kadi kwa mkono wake, kisha anakaa na kusikiliza. Wahariri wakiridhika, na yeye akiridhika, anasema "Liende," na neno linakwenda kwa mpiga chapa. Asiposema, neno halitoki chumbani. Kuna maneno yamekaa kwenye visanduku muda mrefu kuliko umri wa mke wangu.

Mjomba amebakiwa na neno moja tu. Sarufi. Neno linalosimamia kanuni zote za lugha, na halijasomwa bado! Atakayekabidhiwa kadi hiyo atasimama mbele ya mkurugenzi Jumatatu na kulisoma. Naona sina haja ya kuendelea kueleza.

Jumanne, 5 Agosti

Nilifika hospitali mapema nikiwa na machungwa. Bi. Nukta alikuwa keshafika. Ameketi kando ya kitanda, anamsomea Mjomba kadi za herufi T. Mjomba amefumba macho, anatikisa kichwa mahali pa kutikisa. Damu ikanichemka. Huyu mwanamke anajipendekeza kwa mgonjwa, tena waziwazi.

Nikamfuata muuguzi wa zamu nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba mgonjwa ana mgeni ambaye si ndugu, na kwamba mimi ndiye ndugu. Muuguzi akashukuru sana kwa kumkumbusha kanuni. Kanuni ni mgeni mmoja kwa wakati mmoja. Akanitoa nje. Alisema Bi. Nukta ndiye aliyetangulia. Nikakaa kwenye benchi na machungwa yangu mpaka herufi T ilipofika nusu.

Nilipoingia, Mjomba alifurahi. Aliuliza kama nakula vizuri. Ana mrija puani, na kila sentensi anaikata vipande viwili ili apumue. Nikaenda moja kwa moja kwenye jambo, nisimchoshe. Nikamwambia kwamba neno lake la mwisho linastahili kusomwa na damu yake. Akanitazama kwa muda. Nadhani aliguswa. Akavuta kadi kutoka chini ya mto, akaniwekea kiganjani, akakifunga kiganja changu kwa mkono wake. Ndivyo inavyotakiwa. Kwa mkono. Mikono yake imekuwa myepesi mno.

Kisha akanieleza alichoandika, ingawa naweza kusoma. Alisema neno hili limetoka kwa Waarabu, sarf, na kwamba huko kwao maana yake ya mwanzo haikuwa amri wala katazo. Ilikuwa kugeuza. Kubadili. Aliyebadilisha fedha ya huku kuwa ya kule alifanya kazi yenye jina hilo hilo, na ndiyo sababu sarafu ni ndugu wa sarufi, damu moja. Wanazuoni wakalichukua kwa elimu ya jinsi neno linavyogeuka umbo: pika, pikia, pikwa, pikisha. Akapumzika. Akasema watu huidhani sarufi ni ukuta, na kumbe ni bawaba. Mlango ule ule, unafunguka, unafungwa, unampisha mtu.

Nikamwambia ni maelezo mazuri sana. Akasema anaomba kitu kimoja tu. Alisikie likisomwa. Amelea maneno miaka yote, na hili ndilo aliloliweka mwisho kwa makusudi, kama mtu anavyobakiza tonge tamu. Asingependa kuondoka kabla hajasema "Liende." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, aniachie mimi. Akasema sawa, mjomba. Tangu utotoni tunaitana hivyo, mimi mjomba na yeye mjomba, na mtu baki huchanganyikiwa.

Machungwa nilirudi nayo. Nilisahau kuyatoa mfukoni.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeisoma kadi mara nyingi. Tatizo nimeliona. Haina heshima. Kugeuka, kubadilika! Mkurugenzi hawezi kumteua mtu kwa sababu ya kugeuka. Mkurugenzi ni mtu wa nidhamu, hata kalamu zake huzipanga kwa urefu. Neno linahitaji asili yenye uzito, na nimeipata nikiwa naoga.

Sarufi imetokana na safu. Iko wazi! Maneno yakae kwenye safu, moja nyuma ya lingine, kama wanafunzi asubuhi. Asiyekaa kwenye safu anarudishwa. Hiyo ndiyo sarufi niliyofundishwa mimi, na kwa kiboko. Nashangaa karne zote hizi hakuna aliyeliona.

Nikampelekea Mzee wa Vitenzi, mhariri wetu wa zamani kuliko wote, anayelea vitenzi na hasikii kwa sikio la kushoto. Aliinua kadi karibu na pua. Akaniuliza R imetoka wapi. Nikasema iliingia njiani. Akauliza na hiyo I ya mwisho. Nikasema njiani vilevile. Akasema amefanya kazi katika chumba hiki tangu kuta zikiwa za kijani na hajawahi kuona neno likiokota herufi njiani kama mtu anayeokota kuni. Akarudisha kadi. Nikakumbuka kwamba nilisimama upande wa sikio bovu. Huenda hakusikia hoja yenyewe vizuri.

Hata hivyo nimeiandika nadharia yangu kwenye kipande cha karatasi nyeupe, mwandiko wa kupendeza, nikakibandika kwa gundi chini ya maneno ya Mjomba. Sijafuta hata neno lake moja. Nimeongeza tu.

Mchana chumba kilikuwa kitupu, wenzangu wamekwenda kula. Nikakaa kwenye kiti cha Mjomba, nione tu. Kinayumba kidogo kushoto lakini kinampa mtu mamlaka. Nikaweka kiwiko mezani. Nikasema "Liende" kwa sauti ya kawaida. Nikasema tena kwa sauti nzito zaidi. Nilipogeuka Bi. Nukta alikuwa mlangoni. Alikuja kuchukua miwani ya Mjomba, kaagizwa. Akafungua droo, akaichukua, akaondoka bila neno. Angalau angesema kitu. Huwezi kujitetea mbele ya mtu aliyenyamaza.

Mke wangu aliuliza jioni kama nimepita hospitali. Nikamwambia nimeshinda na kazi ya Mjomba kutwa nzima, ambayo ni zaidi ya kupita. Akasema haya.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya ushindi. Naiandika kwa utulivu.

Asubuhi Bi. Nukta aliwaita wahariri wote mezani. Tuko wanne bila Mjomba: yeye, mimi, Mzee wa Vitenzi, na Mhariri wa Wadudu, ambaye analea majina ya wadudu na mimea na huongea kama vile analipia kila neno. Bi. Nukta alisema amezungumza na daktari. Mjomba hatafika Jumatatu, au akifika hatakuwa na masikio ya kusikia chochote. Akapendekeza kesho mchana twende sote hospitali, tusimame kuzunguka kitanda, sarufi isomwe pale. Alisema meza si mbao. Popote wahariri walipo na mlezi anasikia, hapo ni mezani.

Nikaona mtego mara moja. Nikisoma kesho mbele ya mgonjwa na muuguzi, Jumatatu nitasoma nini mbele ya mkurugenzi? Nitasimama pale na mikono mitupu kama mchukuzi asiye na mzigo. Na yeye ndiye atasifiwa kwa wazo.

Nikatoa Kanuni za Meza. Bahati nzuri huwa natembea nazo. Nikawasomea: kikao kitafanyika ndani ya Chumba cha Kamusi, wahariri wote wakiwepo, na akikosekana mhariri yeyote, akidi haijatimia na kilichosomwa hakikusomwa. Nakifahamu kifungu hicho vizuri kwa sababu niliking'ang'ania mimi, mwaka ule walipopitisha neno "sanamu" nikiwa kwa daktari wa meno. Mjomba alikitia saini ili nipate usingizi. Alisema hivyo mwenyewe.

Mzee wa Vitenzi akasema mtu anakufa, jamani. Nikasema nalijua hilo kuliko yeyote, ni mjomba wangu, na kwamba kwa sababu hiyohiyo sitaki neno lake la mwisho lipite kwa njia za panya. Kanuni ni kanuni. Likisomwa Jumatatu, rasmi, mbele ya mkurugenzi, hakuna atakayelipinga kamwe. Nikajitolea kumpigia simu Mjomba Jumatatu na kuiweka simu mezani ili asikilize kutoka kitandani. Nadhani huo ulikuwa ukarimu.

Nikawakumbusha pia kwamba kadi imekabidhiwa kwangu, kwa mkono, na kwamba bila kadi hakuna cha kusoma. Hapo mazungumzo yakaisha.

Bi. Nukta alinitazama sana. Akaniuliza kama nimemwona Mjomba tangu Jumanne. Nikamjibu kwa heshima kwamba kila mtu ana namna yake ya kumhudumia mgonjwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeomba ruhusa niandike hotuba nyumbani. Hotuba inakwenda vizuri. Inaanza na safu, inapita kwenye nidhamu, inaishia kwenye mimi. Mahali pa kumtaja Mjomba nimepaacha wazi, nitapajaza nikijua hali yake.

Alfajiri nilipata nadharia ya pili, bora kuliko ya kwanza. Saa ya herufi! Zamani shuleni kulikuwa na saa ya kufundishwa herufi; watoto wakiisema harakaharaka, saa-ya-herufi, saherufi, sarufi. Nimejaribu kuisema haraka mbele ya kioo na kweli inatokea, ukikaza mdomo. Nimeiongeza pembeni ya kipande cha karatasi, kwa herufi ndogo. Mkurugenzi atachagua mwenyewe.

Mke wangu alikuja mchana akiwa amevaa nguo za kutokea. Twende tukamwone Mjomba. Nikamwonyesha hotuba. Akasema hotuba haikimbii. Nikasema na Mjomba hakimbii. Nilijuta kidogo nilivyolisema, lakini lilikuwa limeshatoka. Akauliza kadi nimeiweka wapi. Nikamwambia, kwa fahari, kwamba iko mahali ambapo Bi. Nukta hawezi kufika hata akija na polisi: droo ya soksi. Akasema vizuri. Akaingia chumbani akakunja soksi zangu kwa muda, kisha akaondoka na supu ya mgonjwa kwenye chupa.

Alasiri nilipiga simu ofisini kuuliza kama mkurugenzi huitwa Mheshimiwa au Ndugu. Hakuna aliyepokea. Nikapiga tena. Kimya. Mzee wa Vitenzi hayupo, Mhariri wa Wadudu hayupo, Bi. Nukta hayupo. Mkurugenzi akisafiri, watu wanajigeuzia siku ya kazi kuwa sikukuu! Nimeandika saa na tarehe. Mkurugenzi atafahamishwa.

Mke wangu alirudi jioni macho mekundu. Mjomba alikuulizia, akasema. Nikamwambia Jumatatu si mbali. Akaniwekea chakula akaenda kukaa barazani peke yake. Nadhani kakasirika kuhusu supu.

Jumamosi, 9 Agosti

Mjomba amefariki alfajiri.

Walipiga simu nyumbani. Mke wangu alipokea, na niliiona sura yake kabla hajasema. Nikakaa kitandani na kiatu kimoja. Nilikumbuka alivyokuwa akinikata kucha, Jumapili jioni, mimi mguu juu ya goti lake, akiniuliza maana ya maneno ili nisiogope mkasi. Neno moja kwa kila kidole. Nilikosa kwa makusudi ili asimalize haraka. Nimelia tena, na safari hii hakukuwa na mtu wa kuniona.

Ni baadaye, tulipokuwa tukipanga nguo za kwenda kwake, ndipo mke wangu aliniambia. Aliongea akiwa amenipa mgongo, anapiga pasi. Kwamba jana alichukua kadi kwenye droo. Kwamba Bi. Nukta alikuwa amemwomba, na kwamba hata asingeombwa angeichukua.

Walikuwa wote kule. Mzee wa Vitenzi alivaa tai. Mhariri wa Wadudu alibeba ua. Muuguzi akafunga mlango, akajifanya hajui kuhesabu wageni. Mke wangu akampa Mjomba kadi, na Mjomba akamrudishia mke wangu, kwa mkono wake, akamwambia asome. Akasoma. Si mhariri, hajawahi kusoma kadi maishani, na alijikwaa kwenye maneno ya mwanzo, lakini Mjomba alikuwa akimfuata kwa midomo bila sauti, neno kwa neno, kwa hiyo akatulia.

Alipofika kwenye kipande changu alisita. Mjomba akasema soma chote. Akasoma safu. Akasoma na saa ya herufi. Mjomba akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, wakamwinua, akapata pumzi, akaomba sehemu hiyo isomwe tena. Mke wangu anasema wiki nzima hakuwa amecheka. Nimefarijika kujua kwamba nadharia ilimfurahisha.

Kisha Bi. Nukta akauliza kama mlezi ameridhika. Mjomba akauliza mimi nitafika saa ngapi. Wakamwambia huenda nipo njiani. Akasema basi tumsubiri. Wakasubiri. Wamesimama, hakuna viti vya kutosha. Kila mlango wa korido ukilia, anageuza kichwa. Muuguzi akaja mara ya kwanza, akaja mara ya pili, akasema sasa kweli muda umekwisha. Ndipo Mjomba akasema "Liende." Kwa sauti ndogo, mke wangu anasema, ila kila mtu alisikia. Halafu akamwambia mke wangu aniambie kwamba alinisubiri.

Nilimuuliza mke wangu kwa nini hakuniambia jana. Akasema jana alikuwa hawezi kunitazama.

Nilikasirika sana. Chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine, kilichokaa hapa kifuani kutwa nzima wakati watu wanaingia na kutoka na kunishika mkono. Mimi ni mtu wa maneno, hiyo ndiyo kazi yangu, na nimekitafutia jina mpaka sasa sijalipata.

Jumatatu, 11 Agosti

Tumemzika jana. Watu walikuwa wengi. Mimi sikuongea. Niliambiwa nikitaka naweza, nikaona hotuba niliyonayo si ya mahali pale.

Leo kikao. Nikaenda na suti ileile ya mazishi na hotuba mfukoni. Nikajiambia kazi lazima iendelee, Mjomba angetaka hivyo. Mkurugenzi aliingia, akatupa pole, mimi kwanza, kwa mikono miwili. Nikasimama. Nikasema kwamba kwa masikitiko makubwa niko tayari kulisoma neno sarufi.

Mkurugenzi akasema kwa upole kwamba neno sarufi lilikwenda kwa mpiga chapa Ijumaa. Amelisoma leo alfajiri, aliporudi safarini, kwenye karatasi za majaribio. Alisema hajawahi kusoma maelezo ya neno yaliyomgusa vile, hasa pale pa bawaba, na kwamba alikuwa akiichukia sarufi tangu shule na sasa anaona alimchukia mtu asiyemjua. Kisha akamteua Bi. Nukta. Alisema kwa sentensi moja, kama mtu anayesoma saa. Mzee wa Vitenzi akapiga meza kwa kiganja. Mhariri wa Wadudu akasema "Hongera," na hilo ni neno lake la mwezi huu.

Niliketi. Nilikuwa sijui kama bado nimesimama.

Baadaye Bi. Nukta alinifuata kwenye kabati la visanduku. Akanipa bahasha. Ndani ni kile kipande changu cha karatasi, kimebanduliwa kwa uangalifu, hakikuchanika hata pembe. Akaniambia kwamba hakukiacha kiende kwa mpiga chapa, lakini hakuona vizuri kukitupa, kwa sababu kilimpa Mjomba kicheko chake cha mwisho. Nikakiangalia. Mwisho wa sentensi ya pili nilikuwa nimesahau nukta. Ameiweka, kwa penseli.

Alisema pia kwamba kiti cha kando yake ni changu nikikitaka, na kwamba herufi U haina watu wa kutosha. Sauti yake haikuwa na ushindi wowote ndani yake. Nilimwambia nitafikiria. Nikatoka nje nikasimama uani. Kwa kitambo kidogo nilihisi kwamba kuna jambo kubwa, rahisi, liko mbele yangu kabisa, na nikinyoosha mkono tu nitaligusa.

Likapita.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimelala vizuri. Akili iko wazi kabisa. Kila kitu nilichohitaji kilikuwa kwenye maelezo ya mke wangu na mimi sikukiona, kwa sababu ya huzuni.

Nimemwandikia mkurugenzi pingamizi. Naomba neno sarufi lirudishwe kutoka kwa mpiga chapa na lisomwe upya, na uteuzi wote uliofuata ufutwe. Hoja ya kwanza, kikao kilifanyika wodini. Hoja ya pili, aliyesoma si mhariri, na ni mke wangu. Hizo ni hoja za kawaida, wanaweza kuzijibu. Mke wangu alizisoma begani mwangu, akaenda jikoni, na tangu asubuhi hajaniambia kitu. Namwelewa, ametajwa.

Ni hoja ya tatu inayomaliza kesi. Nimeiandika mara nne mpaka ikakaa sawa. Inasema: akidi haikutimia, kwa sababu katika wote waliopaswa kuwepo kando ya kitanda kile, alikosekana mmoja. Na mlezi mwenyewe alilijua hilo. Hakusema "Liende" neno lilipokwisha kusomwa. Aliuliza aliyekosekana yuko wapi. Aligeuza kichwa kila mlango ulipolia. Alisubiri mpaka muda ukaisha, na mtu hasubiri hivyo isipokuwa anajua kwamba bila huyo mmoja, jambo lote halijakamilika.

Nataka nione Bi. Nukta atajibu nini hapo.